Sauti Kutoka Juu ya Ikweta: Redio ya Satelaiti na Msikilizaji wa Afrika Mashariki



Tarehe 28 Oktoba 1998, kutoka Kourou katika Guyana ya Ufaransa, roketi ya Ariane ilipaa ikiwa imebeba satelaiti iliyoitwa AfriStar. Satelaiti nyingi zilizotangulia zilibeba simu, picha za televisheni au vipimo vya hali ya hewa. Hii iliundwa kwa ajili ya redio, na kwa ajili ya bara la Afrika kwanza kabla ya mabara mengine. Ilikusudiwa kumfikia mkulima, mvuvi na mwanafunzi moja kwa moja kwenye redio ndogo iliyo mezani kwake, bila mnara wowote kati yake na anga. Matangazo yake yalianza mwaka 1999. Marekani, nchi ambayo leo wengi wakisikia neno redio ya satelaiti huikumbuka kwanza, ilisubiri mpaka Septemba 2001 kupata ya kwao.

Nalitaja hili mapema kwa sababu limesahaulika hata miongoni mwetu tulio katika kazi ya utangazaji. Kijana anayesomea uandishi wa habari leo anaweza kukueleza yote kuhusu podikasti, lakini hajui kwamba Afrika ilikuwa ya kwanza kupewa redio ya namna hii, na kwamba ilikufa mikononi mwetu. Jioni ya leo ningependa tuelewe chombo chenyewe kinavyofanya kazi, kisha tuelewe kwa nini kilishindwa kwetu kikashinda kwingine. Ninaamini jibu halipo angani. Lipo huku chini, mahali ambapo sauti inakutana na sikio.

Tuanze na mawimbi. Redio ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka. Mlima ukisimama njiani, au umbali ukizidi upeo wa macho ya mnara, sauti inakatika. Kila mwenye kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda bara analijua hili: stesheni aliyoipenda tangu Ubungo inaanza kukwaruza kadiri basi linavyoendelea, mwisho inamezwa na nyingine. Mawimbi mafupi, yale yaliyotuletea idhaa za Kiswahili za London na za Ujerumani kwa miongo mingi, yana tabia nyingine. Yenyewe hupanda juu, yakagonga tabaka la hewa lenye chaji za umeme, yakarudi ardhini maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka. Tabaka hilo halitulii. Hubadilika mchana na usiku, hubadilika na hali ya jua, na ndiyo maana sauti ya mawimbi mafupi hujaa na kupwa kama maji ya bahari, na msikilizaji hubaki ameshikilia kitufe akiifuata taarifa ya habari inapotoroka.

Satelaiti inaondoa mlima na inaondoa lile tabaka kwenye hesabu. Mwaka 1945 Mwingereza Arthur C. Clarke aliandika katika jarida la Wireless World kwamba chombo kikiwekwa juu ya ikweta kwa umbali wa takriban kilomita 36,000 kitaizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha. Kwa mtu aliye chini, chombo hicho kitaonekana kama kimesimama. Umbali wenyewe ni kilomita 35,786, na chombo hukimbia zaidi ya kilomita 3 kwa kila sekunde ili kibaki pale pale. AfriStar iliwekwa nyuzi 21 mashariki, mstari unaopita katikati ya Kongo. Kutoka hapo iliona Afrika nzima, na miale yake mitatu iligawana bara: mmoja mashariki, mmoja magharibi, mmoja kusini.

Stesheni inayotaka kusikika kwa njia hii huanza kwa kuigeuza sauti kuwa tarakimu, kisha huibana ili ichukue nafasi ndogo. Tarakimu hizo hurushwa juu kwa masafa ya karibu gigahezi 7. Satelaiti huzipokea, huzipanga pamoja na za stesheni nyingine katika mkondo mmoja, na kuzirudisha ardhini kwa masafa ya karibu gigahezi 1.5. Safari ya kwenda na kurudi huchukua robo ya sekunde. Mkondo mmoja wa AfriStar ulikuwa na vyumba 96, kila kimoja kikibeba kilobiti 16 kwa sekunde. Mtangazaji wa habari tupu aliweza kukodi chumba kimoja, sauti ikawa ya kawaida kama ya masafa ya kati. Mwenye muziki alikodi vinne na kupata ubora unaokaribia FM. Mwenye kutaka ubora unaokaribia wa diski alikodi vinane. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba stesheni haikulazimika kupeleka vipindi vyake Ulaya ili virushwe kutoka huko. Satelaiti yenyewe ilikuwa na akili ya kukusanya sauti kutoka miji tofauti ya Afrika na kuzifunga pamoja ikiwa angani. Kwa mwaka 1998 hiyo ilikuwa kazi ya uhandisi ya kuheshimiwa sana.

Hapa pana jambo la jiografia ambalo tunapaswa kulijua na kulionea fahari. Sisi tuko karibu na ikweta. Mtu aliyeko Dar es Salaam alipoitafuta AfriStar aliielekeza antena yake juu sana, kiasi cha nyuzi 67 kutoka upeo wa ardhi. Mwembe, ukuta wa jirani, ghorofa la ng'ambo ya barabara, vyote vilikuwa chini ya njia ya mawimbi. Mtu wa Kaskazini ya dunia hana bahati hiyo. Kwake satelaiti za ikweta zimelala karibu na upeo, na jengo lolote huzikata. Tena masafa ya gigahezi 1.5 yana wimbi lenye urefu wa sentimita 20 hivi, na tone la mvua halilisumbui. Ving'amuzi vyetu vya televisheni hutumia wimbi la sentimita mbili na nusu tu, ndiyo maana masika yakishuka kwa nguvu picha inaganda. Redio ya AfriStar iliendelea kusema katikati ya mvua kubwa, kwa antena bapa inayotosha kushikwa mkononi.

Kwa anga, basi, tulikuwa tumebarikiwa kuliko watu wa Kaskazini. Tutazame sasa Wamarekani walifanya nini na anga yao isiyowasaidia.

Mwaka 1997 serikali ya Marekani ilipiga mnada leseni mbili za redio ya satelaiti, moja ikauzwa dola milioni 83 na nyingine karibu milioni 90. Kampuni zilizozinunua zilikuja kujulikana kwa majina ya Sirius na XM. Masafa ambayo mkutano wa kimataifa wa mwaka 1992 uliyatenga kwa redio ya satelaiti, na ambayo AfriStar iliyatumia, kwa Marekani yalikuwa yameshikwa na majaribio ya ndege za kijeshi, kwa hiyo wakapewa gigahezi 2.3. XM iliweka satelaiti mbili kubwa juu ya ikweta na kuzipa majina ya Rock na Roll. Zilirushwa mwaka 2001 kutoka jukwaa linaloelea katika bahari ya Pasifiki, kwenye ikweta penyewe, mahali ambapo mzunguko wa dunia huisukuma roketi kwa nguvu zaidi. Pwani yetu inaifahamu faida hiyo tangu zamani: tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei angani, nayo ikaitwa Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake.

Sirius walichagua njia nyingine. Walirusha satelaiti tatu kwenye mizunguko mirefu iliyoinama, ili kila moja ikae juu ya Amerika Kaskazini kwa saa 16 kila siku, zikipokezana zamu. Kwa njia hiyo walipata satelaiti iliyo juu kichwani hata kwa watu wa kaskazini. Katikati ya miji yenye maghorofa makubwa, kampuni zote mbili zilijenga minara ya ardhini ya kurudia matangazo. XM tena wakaongeza ujanja mzuri: satelaiti moja ilituma sauti ileile kwa kuchelewa sekunde nne nyuma ya mwenzake, na redio ya gari ikahifadhi sekunde hizo kwenye kumbukumbu yake. Gari likipita chini ya daraja, msikilizaji hasikii pengo lolote.

Nimelitaja gari kwa makusudi, maana gari ndilo lililoiokoa redio ya satelaiti Marekani. Kule mtu huendesha peke yake saa nzima kwenda kazini na saa nzima kurudi. Dereva wa lori huanza safari pwani ya Atlantiki na kuimaliza pwani ya Pasifiki, akiwa na chaneli ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Makampuni ya magari, General Motors na Honda yakiwemo, yaliingia ubia na XM na kuifunga redio ndani ya gari tangu kiwandani. Mteja alipewa miezi michache ya kuonja, na alipokwisha kuzoea, aliendelea kulipa kila mwezi. Kwa ada hiyo alipata makumi ya chaneli za muziki zisizo na tangazo la biashara hata moja, michezo ya ligi zote kubwa, habari, vichekesho, vipindi vya dini. Mtangazaji Howard Stern alilipwa mkataba wa dola milioni 500 kwa miaka mitano ili aihamie Sirius, na akaanza huko Januari 2006. Hata hivyo gharama zilikuwa nzito mno. Kampuni hizo mbili ziliungana Julai 2008, na mwanzoni mwa 2009 zingefilisika kama mwekezaji, Liberty Media, asingekubali kuwakopesha dola milioni 530. Leo Sirius XM ina wateja zaidi ya milioni 30.

Turudi nyumbani. Mwanzilishi wa WorldSpace, kampuni iliyomiliki AfriStar, ni Noah Samara, mwanasheria mzaliwa wa Ethiopia aliyekuwa akifanya kazi Washington. Aliianzisha mwaka 1990. Amesema mara nyingi kwamba kilichomsukuma ni habari za Ukimwi kuenea Afrika wakati watu hawana hata maelezo ya kujikinga. Aliona kwamba mtu anaweza kufa kwa kukosa sentensi moja ambayo ingemfikia kwa redio. Ninamheshimu kwa hilo, na sitakubali mtu aiite ndoto ile ya mfanyabiashara tu. Alikusanya zaidi ya dola bilioni moja, akarusha AfriStar, na Machi 2000 akarusha AsiaStar kwa ajili ya Asia. Kampuni ilitenga asilimia 5 ya nafasi yake angani kwa elimu na maendeleo.

Msikilizaji aliyenunua redio ile alipata nini? Alipata BBC bila mikwaruzo akiwa Kigoma au Lodwar. Alipata muziki wa jazi na wa Kizungu wa zamani, na chaneli ya Ngoma iliyopiga muziki wa Afrika pekee, wa Afrika nzima, kuanzia rumba hadi mbalax, kwa ubora ambao kaseti za mitaani hazikuweza kuufikia. Nchini Kenya, Taasisi ya Elimu ilitumia satelaiti hiyo kupeleka vipindi vya masomo kwenye shule za msingi za umma. Yote hayo yalikuwa mazuri.

Lakini redio yenyewe mwanzoni iliuzwa zaidi ya dola 200. Hebu tuweke fedha hiyo mbele ya mwalimu wa shule ya msingi wa mwaka 1999, au mbele ya mvuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika. Redio ya mkulima ilikuwa ya kuazimana, ya kufunga kwa mpira, ya kuanika betri juani ili zipate nguvu kidogo. Mtu yuleyule aliyekusudiwa ndiye asiyeweza kuinunua. Walioinunua ni mabalozi, mashirika, hoteli, na watu wa mjini wenye uwezo, yaani watu waliokuwa na njia nyingine nyingi za kupata habari. Baadaye kampuni iligeukia ada ya mwezi, na pengo likapanuka zaidi.

Wakati huohuo kitu kingine kilikuwa kinaota ardhini. Tanzania ilipitisha sheria ya huduma za utangazaji mwaka 1993, na Radio One ikasikika mwaka uliofuata. Kenya ilipata Capital FM mwaka 1996. Baada ya hapo stesheni zilichipuka kila mkoa, kwa Kiswahili na kwa lugha za makabila. Kameme ilianza kwa Kikikuyu mwaka 2000. Stesheni hizi zilisoma vifo vya mtaani, zilipiga simu kwa shangazi wa mtu hewani, zilitaja bei ya mahindi ya soko ambalo msikilizaji analijua. Kisha zikaja simu za mkononi za bei nafuu zenye redio ndani yake na tochi juu yake. Mtu alipata redio bila kununua redio. AfriStar, kwa ubora wake wote, haikuweza kushindana na sauti iliyomtaja mtu kwa jina la kijiji chake.

Gari nalo halikutusaidia. Magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yametumika, na redio zake zimeundwa kwa masafa ya Kijapani yanayoanzia megahezi 76, kiasi kwamba hata FM ya kawaida haisikiki vizuri mpaka fundi aifungie kifaa cha kubadilisha masafa. Hapakuwa na kiwanda cha kuifunga redio ya satelaiti ndani ya gari la Mtanzania. Na wengi wetu si madereva, ni abiria. Katika daladala au matatu anayechagua stesheni ni mwingine.

WorldSpace ilifika mahali ambapo wateja wake wengi walikuwa India, walikokuwa na chaneli za Kitelugu, Kimalayalam na muziki wa kienyeji wa huko. Hilo lina maana kubwa: pale ilipozungumza lugha za watu, watu walilipa. Oktoba 2008 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na mwisho wa mwaka 2009 matangazo ya India yakazimwa. Redio zilizokuwa zimenunuliwa kwa fedha nyingi zikapoteza kazi yake ya satelaiti, kwa kuwa hazikuweza kupokea kitu kingine kutoka angani.

Hata hivyo kuna sehemu moja ya kazi ile ambayo ilifaulu, na ndiyo inayonifanya nisimame mbele yenu. Wataalamu wa hali ya hewa wa Afrika walianzisha mpango ulioitwa RANET. Walitumia satelaiti ya WorldSpace kupeleka utabiri na ramani za mvua hadi vijijini, kwenye kompyuta iliyounganishwa na kipokezi kidogo. Kenya ilikwenda mbele zaidi. Idara ya Hali ya Hewa ilijenga redio ndogo za FM za jamii, mojawapo Kangema katika nyanda zinazopata maporomoko ya ardhi, nyingine Budalang'i kunakofurika mto Nzoia. Hapo habari iliyotoka angani haikumwendea mwananchi ikiwa mbichi. Mtangazaji wa pale aliichukua, akaisema kwa lugha ya nyumbani, akamwambia mtu wa ukingo wa mto lini ahamishe mbuzi wake. Satelaiti iliondoa umbali, mtangazaji akaondoa ugeni. Ningekuwa na uwezo wa kurudisha saa nyuma, ningemshauri Samara atumie zile fedha za mwanzo kuunganisha redio 500 za jamii badala ya kutafuta wanunuzi mmoja mmoja.

Wapo watakaosema kwamba sasa tuna intaneti, mjadala umekwisha. Naomba tuukumbuke Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi ule kimbunga Hidaya kilisogea pwani yetu hadi Mafia, na wavuvi walihitaji onyo wakiwa mbali na minara ya simu. Siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na sehemu kubwa ya Tanzania ikakaa bila intaneti ya maana. Fikiria mambo hayo mawili yangetokea siku moja. Satelaiti haina waya wa kukatika, na sauti inayomwagika kutoka juu haijali wasikilizaji ni kumi au milioni kumi. Gharama ya kuirusha ni ileile.

Wala hatuhitaji kurusha satelaiti mpya. Madishi ya ving'amuzi yamejaa kwenye mapaa yetu, na satelaiti zinazoyahudumia tayari zinabeba chaneli za sauti pembeni ya televisheni. Chaneli moja ya kawaida ya televisheni ikichukua megabiti mbili kwa sekunde, nafasi hiyohiyo inatosha chaneli za sauti 30 za kilobiti 64. Dishi dogo na king'amuzi vikiwekwa Pangani FM, au Sengerema, au kwenye redio ya jamii ya Micheweni kule Pemba, stesheni hiyo inapata chanzo cha habari ambacho hakidai kifurushi wala mtandao wa simu. Betri ya sola inatosha kukiendesha.

Kwa hiyo ninayo maombi, na ninayatoa kwa uzito. Mamlaka za mawasiliano za Tanzania na Kenya ziwatake wenye kampuni za ving'amuzi watenge chaneli mbili za sauti bila ada, moja ya masomo ya shule na nyingine ya tahadhari za hali ya hewa, zisikike hata kifurushi kikiwa kimekwisha. Mamlaka za hali ya hewa ziajiri watu wa kusoma taarifa hizo kwa Kiswahili cha kueleweka, kila saa, usiku na mchana wakati wa masika na vuli. Wahandisi vijana mliomo humu ukumbini, tengenezeni kipokezi cha sauti pekee, cha bei ambayo mwalimu mkuu wa shule ya kijijini anaweza kuilipa kwa fedha za uendeshaji. Na nyinyi watangazaji wa redio za jamii, msisubiri barua kutoka makao makuu. Ombeni dishi mwezi huu, liwekeni juu ya paa la stesheni, na lianze kufanya kazi kabla ya mvua za vuli.